FUNDI WA NYUMBANI: Tazama Mkono Kabla ya Kuchora Mashine

Juma hili safu yetu imepokea barua ya Sajini mmoja ambaye amebakiza miaka miwili kustaafu. Yeye na mkewe wana duka dogo karibu na kambi, nao huwauzia mafundi wa kusuka mota waya wa shaba uliopakwa vanishi. Waya huo huwafikia katika bobini kubwa ya kilo 25. Lakini fundi aliyeletewa mota moja ya pampu hana haja na kilo 25; ataka kilo moja, pengine mbili. Hivyo kila jioni mama na binti yao huketi kuhamisha waya kutoka bobini kubwa hadi bobini ndogo kwa kuzungusha kwa mkono. Binti yuko kidato cha tatu, na saa zake za kusoma huliwa na waya. Isitoshe, mafundi wawili wameurudisha waya wakilalamika kwamba ulikwaruzika, na mota walizozisuka zimeungua tena.

Sajini anauliza: Je, atenge sehemu ya kiinua mgongo chake aagize mashine ya kuzongea waya kutoka nchi za nje, au mashine ya namna hiyo yaweza kutengenezwa hapa nyumbani?

Nakujibu, Afande, kwamba yaweza kutengenezwa, tena kwa vyuma ambavyo vingi vyao vimelala katika magereji. Lakini hapana budi nikuonye kwanza. Wengi waliojaribu kuunda mashine hii walianza na mota, kwa sababu waliona kuwa kazi yenyewe ni kuzungusha. Kuzungusha ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Aliyeweka mota peke yake amepata chombo cha kuharibu waya upesi zaidi kuliko mkono.

KAZI TATU ZA MKONO WA KUSHOTO

Mtazame mkeo jioni ya leo. Mkono wake wa kulia wazungusha, na kazi hiyo hata mtoto aiweza. Sasa utazame mkono wa kushoto, ule uliobana waya kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Mkono huo wafanya kazi tatu kwa wakati mmoja, na pengine mwenyewe hajui kwamba anazifanya.

Kazi ya kwanza ni kuutia waya mkazo. Waya ukilegea, mizunguko hukaa ovyo, wa juu ukazama chini ya wa chini, na siku fundi atakapouvuta utakwama. Ukikazwa kupita kiasi, waya hunyumbuka na kuwa mwembamba, na vanishi yake hupasuka.

Kazi ya pili ni kuupanga. Kidole husogea polepole kutoka ukingo mmoja wa bobini hadi wa pili, kisha hurudi, ili kila mzunguko ulale ubavuni mwa mwenzake kama matofali ukutani.

Kazi ya tatu ni kusimama. Kidole kikihisi kwamba waya umekwama, umekatika au umekwisha, mkono wa kulia husita mara moja. Vilevile mdomo unahesabu, ijapokuwa mdomo wa mtu aliyechoka hupotewa na hesabu.

Kwa hiyo, anayetaka kuchora mashine ya kuzongea waya anachora mkono wa kushoto. Hilo ndilo jambo la juma hili.

CHEREHANI NI MWALIMU WETU

Wale walio na cherehani nyumbani wanacho kielelezo kizuri. Fungua pale juu penye kifaa cha kujazia bobini. Utaona visahani viwili vidogo vilivyobanwa na springi, na uzi hupita katikati yao. Hicho ni kidole cha kukaza. Utaona pia kijiti kidogo ambacho bobini ikijaa husukumwa nje na uzi wenyewe, gurudumu la mpira likaachana na gurudumu kubwa, na kazi ikasimama bila mtu kuigusa. Hicho ni kidole cha kusimamisha.

Katika cherehani za zamani za Singer, zile zenye bobini ndefu nyembamba kama msumari, kulikuwa na kitu cha tatu: kipande cha chuma chenye umbo la moyo, kilichozungushwa polepole na meno. Umbo la moyo si pambo. Lilichorwa hivyo ili mkono unaouelekeza uzi uende kwa mwendo ulio sawa hadi mwisho, kisha urudi kwa mwendo ule ule. Basi mkono mzima wa kushoto, pamoja na akili zake, ulikwisha kutiwa ndani ya cherehani ya nyumbani kabla babu zetu hawajazaliwa. Sisi twauhamishia kwenye waya tu.

MKAZO NA BREKI

Tuchukue waya wa kipenyo cha milimita 0.5, ambao hutumika sana katika mota ndogo. Shaba laini ya unene huo hukatika ikivutwa kwa uzito wa kilo 4 hivi, na huanza kunyumbuka mapema zaidi. Katika kuhamisha tu, mkazo wa nusu kilo watosha kabisa; usiuache ufike kilo moja. Kuupima ni rahisi: funga ncha ya waya kwenye mizani ya springi, kama ile ya wauza samaki, kisha uvute polepole na kusoma.

Mkazo hutokana na breki iliyo kwenye bobini kubwa. Walio katika vikosi vya mawasiliano, ambao wamewahi kukimbia na gurudumu la waya wa simu ya uwanjani, wanaelewa sababu yake. Ukisimama ghafula, gurudumu haliwezi kusimama pamoja nawe; laendelea kuzunguka na kumwaga waya chini kama utumbo. Ukanda wa kitambaa kizito au wa ngozi, uliozungushwa kwenye mhimili na kuvutwa na springi, hulizuia jambo hilo.

Lakini breki isiyobadilika ina hila yake. Bobini kubwa ikiwa imejaa, tuseme kipenyo chake ni milimita 250; ikikaribia kwisha, kipenyo chabaki 160. Kadiri waya unavyopungua ndivyo unavyovuta karibu zaidi na kati, na breki ile ile huonekana nzito zaidi. Mkazo ulioanza na gramu 500 utaishia karibu gramu 780, wala hakuna aliyegusa kitu. Ndiyo maana waya hukatika mara nyingi bobini inapokaribia kwisha, na watu husema kwamba kiwanda kimeweka waya mbovu chini.

Dawa yake ni mkono wa kusawazisha. Waya ukitoka kwenye bobini kubwa upitishe chini ya roda ndogo iliyo kwenye ncha ya fimbo nyepesi, na fimbo hiyo ivutwe na springi. Kutoka kwenye fimbo, kamba ndogo iende hadi kwenye ukanda wa breki. Mkazo ukizidi, waya huinua fimbo na breki hulegea. Mkazo ukipungua, fimbo hushuka na breki hubana. Fimbo itacheza juu na chini wakati wote wa kazi, na kucheza huko ndiko kuhisi kwa kidole.

Kuna jambo lingine la kuangalia. Wapo wanaoisimamisha bobini kubwa wima bila kuzunguka, wakauvuta waya kutokea juu. Kila duara linalotoka kwa njia hiyo hutia msokoto mmoja katika waya, na misokoto ikikusanyika huzaa vifundo. Viwandani hufanya hivyo kwa nyaya nyembamba na kwa vifaa maalumu; nyumbani bobini na ilale, izunguke.

Kuhusu mikwaruzo, hapo ndipo heshima ya duka ilipo. Vanishi ndiyo inayoutenga mzunguko mmoja na mwingine ndani ya mota. Mizunguko miwili ikigusana shaba kwa shaba, umeme hupita njia ya mkato, moto huzuka, na mwenye mashine ya kusaga unga aliyelipia kusukiwa mota hupoteza wateja wake. Kwa hiyo waya usipite kamwe juu ya ukingo wa chuma, tundu la bati wala msumari. Tumia roda za nailoni zenye mfuo, kama zile za milango ya kusukuma, au pete laini ya kauri kama zilizo kwenye fimbo za kuvulia samaki.

KUUPANGA WAYA

Sasa tufanye hesabu, na namwomba binti wa Sajini achukue kalamu.

Waya wa milimita 0.5 ukiongezewa vanishi hufika karibu 0.55. Usikisie. Zungusha waya kwenye penseli mara 10, mizunguko ikiwa imebanana, pima upana wake kwa rula, kisha ugawe kwa 10. Hesabu utakayopata ndiyo hatua ambayo kiongozi cha waya lazima kisogee kila bobini ndogo inapozunguka mara moja.

Kiongozi hicho kifungwe kwenye nati inayotembea juu ya fimbo ya chuma yenye hesi, yaani mikato kama ya bolti. Fimbo ya kawaida ya milimita 8 husogeza nati yake milimita 1.25 kwa kila mzunguko. Kwa hiyo, ili kusogea 0.55, fimbo izunguke 0.55 kugawa kwa 1.25, yaani mara 0.44.

Fimbo hiyo huzungushwa na mota ya hatua, ile inayopatikana ndani ya mashine za kuchapia zilizokufa. Mota nyingi za aina hiyo hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200. Hatua 200 mara 0.44 ni hatua 88. Tukibandika sumaku ndogo 8 kwa nafasi zilizo sawa kwenye gurudumu la bobini ndogo, basi kila sumaku inapopita mbele ya kitambuzi, mota isogee hatua 11. Hesabu imetoka bila baki.

Anayetoa amri hizo ni kompyuta ya kibao kimoja. Kilicho maarufu huitwa Arduino, na kilianzishwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi. Hivyo hakuna sababu ya mwanafunzi wetu kukiogopa. Amri zake ni chache mno: hesabu sumaku; kila moja sogea hatua 11; ukifika ukingoni, geuza mwelekeo; idadi ikitimia, simama. Waya ukibadilika, hubadilishwa tarakimu moja tu.

Chukua bobini ndogo yenye kiini cha milimita 40, kuta za milimita 80, na nafasi ya milimita 60 kati ya kuta. Nafasi ya 60 kugawa kwa 0.55 ni mizunguko 109 kwa tabaka moja. Tabaka 30 zitapanda milimita 16.5, nazo zitaacha ukingo salama usiojazwa. Jumla ni mizunguko 3,270. Mzunguko wa wastani una urefu wa sentimita 17.75, basi bobini itabeba mita 580. Na kwa kuwa mita moja ya waya huo ina uzito wa gramu 1.76, bobini ikijaa ina zaidi kidogo ya kilo moja ya shaba. Ndicho kipimo anachokitaka fundi.

KUHESABU NA KUSIMAMA

Pale juu ya mkono wa kusawazisha weka swichi mbili ndogo, moja juu na moja chini. Waya ukikatika au ukiisha, fimbo huanguka na kugusa swichi ya chini. Waya ukinaswa kwenye bobini kubwa, fimbo huvutwa na kugusa ya juu. Katika hali zote mbili mota ikatiwe umeme mara moja.

Ziunge swichi hizo kwa namna ambayo umeme hupita ndani yake wakati kazi inaendelea, na kuguswa ndiko kunakoukata. Sababu ni hii: waya wa swichi ukichomoka au ukitafunwa na panya, mashine itasimama yenyewe. Ungeziunga kinyume chake, swichi iliyokufa ingenyamaza kama mlinzi aliyelala, na mashine ingeendelea kuvuta. Askari hahitaji kufundishwa tofauti ya walinzi hao wawili.

Kazi ikiisha, pima bobini kwa mizani, kwa maana duka huuza kwa uzito na mizani ndiyo hakimu. Kisha ziguse ncha mbili za waya kwa mita ya umeme. Kilo moja ya waya wa shaba wa milimita 0.5 husoma karibu omu 50. Isiposoma kitu, waya umekatika ndani. Ikisoma pungufu sana, ama unene si ule ulioandikwa, ama vanishi imekwaruzika na mizunguko imegusana. Andika tarakimu hiyo kwenye karatasi na kuibandika juu ya bobini. Fundi atakayeiona ataelewa kwamba amenunua mahali panapopima.

TUANZE WAPI?

Usijenge yote kwa siku moja, Afande. Jenga kwa hatua tatu, na kila hatua iwe mashine kamili inayofanya kazi.

Hatua ya kwanza haina mota. Ni fremu ya mbao ngumu, mihimili miwili kwenye beringi, mpini wa kuzungushia, breki, mkono wa kusawazisha na kihesabuji. Kihesabuji cha bei nafuu ni kikokotoo cha mfukoni. Vikokotoo vingi ukianza na 0, ukajumlisha 1, kisha ukabonyeza alama ya usawa tena na tena, huongeza moja kila mara. Jaribu chako kwanza. Unga swichi ya sumaku sambamba na kitufe cha alama hiyo, bandika sumaku moja kwenye gurudumu, na hesabu zitajiandika. Kidole kitabaki na kazi moja tu, ya kupanga.

Hatua ya pili ni mota ya waipa ya gari, ya volti 12. Huzunguka takriban mara 40 hadi 70 kwa dakika. Kwa mkanda na magurudumu yanayozidisha mara 3, bobini yaweza kuzunguka mara 150 kwa dakika, na mizunguko yetu 3,270 ikaisha kwa dakika 22. Kwa mkono, mtu azungushaye mara 50 kwa dakika bila kupumzika hutumia zaidi ya saa moja. Tumia betri ya gari na fyuzi, wala usiunge mashine ya kwanza moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba. Swichi zile mbili za kusimamisha ziwekwe katika hatua hii, kabla mota haijazunguka hata mara moja.

Hatua ya tatu ndiyo fimbo ya hesi, mota ya hatua na kompyuta yake. Hapo mkono wa kushoto utakuwa umepumzika.

Mashine ifunikwe kwa bati au wavu mahali panapozunguka. Mwenye kuitumia akunje mikono ya shati, na akina mama wafunge vilemba na vitenge vyao vizuri, kwa kuwa nguo iliyonaswa huvuta mtu. Kitufe chekundu cha kusimamisha kiwe karibu na mkono, na watoto wadogo wakae mbali, kwani waya uliokatika ukiwa na mkazo hurudi kama mjeledi na hutafuta macho.

Kuhusu kiinua mgongo, ushauri wangu ni huu. Fedha hiyo huja mara moja, na nyumba, shamba na karo zote zinaingojea. Mashine ya kununua si mbaya kwa mwenye wateja wa kutosha. Lakini asiyejua mkazo, mpangilio na usimamaji wa waya wake hawezi hata kuchagua mashine, wala kuitengeneza siku itakapoharibika. Jenga hatua ya kwanza sasa, ukiwa bado una mshahara. Mafundi wa Katwe mjini Kampala, na wa mitaa kama hiyo katika miji mingine, waweza kukuchongea mihimili ukiwapelekea mchoro wenye vipimo. Kwa miezi mitatu mama wa nyumba aandike daftari: bobini ngapi zimeuzwa, ngapi zimerudishwa, saa ngapi zimetumika. Bobini zikiacha kurudishwa, tayari umeponya sehemu kubwa ya hasara kabla hujanunua mota. Daftari likionyesha kwamba waya unanunuliwa kuliko mpini unavyoweza kuzonga, ndipo uende hatua ya pili.

Na binti asizungushe tena kila jioni. Mpe kazi moja tu, Jumamosi hii: aketi mbele ya mama yake na karatasi, atazame ule mkono wa kushoto kwa nusu saa, na aandike kila unachofanya. Karatasi hiyo ndiyo mchoro wenu wa kwanza. Baada ya hapo arudi kwenye vitabu vyake, kwa maana hatua ya tatu itahitaji hesabu zake.

Juma lijalo tutazungumzia namna ya kuchagua mbao za fremu na kuzikausha zisipinde. Hadi wakati huo, nawatakieni nyote kazi njema.